Taarifa ya Saa Kumi

Clovis Dardar alikuja kuazima kahawa, akakuta dhambi.

Alikuwa amepanda ngazi zote kumi na saba, maana nyumba za Bayu Tiloup, kando ya mkondo mzito wa kinamasi ambao huku huitwa bayu, zimesimama juu ya nguzo ili maji yakija yapite chini, na alifika juu akihema kama injini ya boti lake. Mlango ulikuwa wazi. Nanan Ozite alikuwa ameinamia meza, miwani puani, rula mkono huu, penseli mkono ule, na mbele yake ile ramani ya vimbunga ambayo duka la vyakula huwagawia wateja bure kila mwezi wa sita. Kwa taarifa ya saa nne asubuhi hiyo ya Jumanne, Kimbunga Fabiola kilikuwa ndiyo kwanza kinatoka kwenye mlango wa bahari kati ya Cuba na Mexico. Lakini mstari wa penseli ulikuwa umeshatoka pale, umekatiza Ghuba yote, na ncha yake imegusa ufuko wa Louisiana mahali palepale ilipo Bayu Tiloup, ngazi kumi na saba, meza, na kikombe cha kahawa kilichopoa.

"Nanan," Clovis akasema, "unakiona unachokifanya?"

"Nakiona. Miwani ninayo."

"Anatole angekuwepo angekupokonya hiyo penseli."

"Anatole hayupo. Kahawa unajua ilipo."

Clovis hakwenda kwenye kahawa. Alivuta kiti, akakaa, akautazama ule mstari kama mtu anayetazama nyoka ndani ya kiatu chake.

Ni lazima ujue kwamba katika nyumba ile penseli haikuwahi kutangulia kimbunga. Ilikuwa sheria ya marehemu mumewe, Anatole Billiot, na Anatole hakuwa mtu wa sheria nyingi. Kila baada ya saa sita redio inasoma taarifa: digrii kadhaa kaskazini, digrii kadhaa magharibi. Unatafuta pale mistari miwili inapokutana, unaweka nukta, unaunganisha na nukta iliyopita, basi. Unaandika kilikopita. Kinakokwenda hakikuhusu, na ukikichorea njia unakuwa umekikaribisha. Shemeji yao mmoja, jina lake tuliache maana bado yu hai na ana wajukuu wanaomheshimu, aliwahi kuchora mstari kwenda mbele kwa utani. Siku tatu baadaye paa la kanisa lilikutwa ndani ya mfereji. Watu hawakumpiga, lakini miaka minane hakuguswa na mwaliko wa karata.

Na mwaliko wa nyumba ile ulikuwa mwaliko hasa. Enzi hizo kimbunga kikiingia tu Ghuba, watu walianza kupanda ngazi za Ozite bila kuitwa, mwenye jogoo wake, mwenye kreti ya bia, mwenye mama mkwe. Vyumba vitatu, watu ishirini na watatu. Anatole alishika redio, Ozite alishika penseli, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umetulia kwa miaka thelathini na mmoja ya kumenya kamba wa baharini kwenye banda la kiwanda, na hakuna aliyeamini nukta iliyowekwa na mkono mwingine. Watoto walikariri namba kwa sauti. Sufuria ya gumbo, ule mchuzi mzito wa bamia, kamba na kaa, haikushuka jikoni. Karata zilichezwa, chai na vikali vilinyweka, watu wawili walichumbiana chini ya meza ileile na mmoja wao alikuwa tayari na mume, na kila taarifa ilipofika nyumba nzima ilinyamaza kwa wakati mmoja kama kanisani. Nusu ya vijana wa bayu ile Ozite aliwasimamia ubatizo. Mama wa ubatizo huku huitwa Nanan, ndiyo maana hata Clovis, mwenye miaka sitini na minane na mvi hadi puani, alimwita hivyo. Jina lilikuwa limeenea bayu nzima, halafu bayu nzima ikaondoka na jina likabaki.

Iliondoka miaka miwili nyuma, baada ya kile kimbunga kikubwa ambacho watu wa huku hawakitaji jina. Nyumba kumi na tisa. Sasa taa zinawaka mbili, ya Ozite na ya Clovis ng'ambo ya daraja la miguu. Nyingine zimebaki nguzo tupu, na nyingine zina maturubai ya bluu yaliyochanikachanika ambayo hupiga makofi upepo ukivuma, utadhani kuna watu.

Clovis akageuza macho kutoka kwenye ramani hadi kwa mwenye ramani. "Ni Rosalie, sivyo?"

Ozite akainoa penseli ambayo haikuhitaji kunolewa.

"Wenzio wanaita watoto wao kwa simu," Clovis akasema. "Wewe wa kwako unamwita kwa kimbunga."

"Kunywa kahawa uondoke, Clovis."

Clovis alikuwa amegusa penyewe. Rosalie, binti yake wa pekee, aliishi Baton Rouge, mwendo wa saa mbili kwa gari. Siku ya mazishi ya Anatole, kwenye zile ngazi, kila mmoja na sufuria ya watu mkononi, Rosalie alimtaka mama yake ahame, wakaishi wote. Ozite akakataa. Rosalie akamuuliza anangoja nini mahali hapa, na Ozite akajibu kwamba anangoja watu warudi. Basi Rosalie, ambaye alikuwa na macho mekundu na hasira ya baba yake, akasema maneno ambayo Ozite aliyatunza kama risiti: "Mimi nitakuja kukuchukua kimbunga kikiingia Ghuba. Si kabla." Ozite naye, kwa kuwa hiyo hasira haikuwa ya baba peke yake, akaapa mbele ya paroko kwamba hatampigia kumwomba aje, hata iweje.

Toka siku ile walisalimiana kwa simu Jumapili, kwa adabu, kama majirani wa gorofa. Na kiangazi cha kwanza kikapita bila kimbunga hata kimoja upande huu. Watu wote wa Louisiana walimshukuru Mungu. Ozite alikwenda misa akapiga magoti nao, na moyoni hakusema kitu.

Sasa ulikuwa mwisho wa mwezi wa nane, kiangazi cha pili, na joto lilikuwa limekaa juu ya bayu kama mtu mnene juu ya kochi. Siku ya kumi na tisa bila mvua. Kipimajoto kilichopigiliwa ukutani kilipita mia kila mchana, na mia kwa kipimo cha huku ni joto la mtoto mwenye homa. Maji ya bayu yalitoa povu, kaa walipanda nguzo kutafuta hewa. Redio ilisema Ghuba imechemka kama supu na chochote kitakachoingia humo kitanenepa. Ozite alilala karibu na kiyoyozi cha dirishani, kilichonguruma, kikakohoa, kikanguruma tena, na ndicho pekee kilichozungumza ndani ya nyumba kati ya saa za redio.

Jumanne jioni simu ililia, na haikuwa Jumapili.

Rosalie hakuuliza kimbunga kiko wapi. Zamani alikuwa akipiga kutoka bwenini chuoni kumwuliza mama yake nukta ya mwisho, akidai haamini ya televisheni. Siku hizi simu yake mwenyewe ilimwambia kila kitu kabla Ozite hajafungua redio. Alisema tu kwamba kesho akitoka kazini anakuja, afungashe dawa na hati za nyumba, asianze kubishana.

"Sibishani," Ozite akasema.

"Unaumwa, Mama?"

"Nimesema sibishani. Watoto unakuja nao?"

Rosalie akasema watoto wana shule, lakini ataona.

Jumatano asubuhi mpwa wa Clovis alikuja kumchukua kwa gari lenye ubaridi. Clovis alipita kwanza kwa Ozite kumwachia ufunguo na kumkumbusha kikombe. Kila mtu wa huku anapokimbia kimbunga huacha kikombe cha maji yaliyoganda ndani ya friza na sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukakuta sarafu juu, umeme haukukatika, nyama yako kula. Ukikuta imezama chini, barafu iliyeyuka, na hata kama imeganda tena, tupa kila kitu usijidanganye.

"Twende wote," Clovis akasema. "Mpwa wangu ana nafasi nyuma."

"Mwanangu anakuja kunichukua."

"Kweli?"

"Leo jioni."

Clovis akaangalia mstari juu ya meza, kisha akaangalia sufuria tatu zilizokuwa tayari jikoni. Alitaka kusema kitu cha kuchekesha, uso wake ulionyesha, lakini alichosema ni kwamba gumbo ikibaki amwekee.

Ozite alikuwa ameamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya taarifa na hakurudi kulala. Alitoa friza yote: kamba, kaa, soseji, bamia alizokata mwezi wa sita. Ukikimbia kimbunga huachi chakula kioze, unakipika, na wanaokuja kukuchukua wanakula kabla ya safari. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Alipika kwa watu wanne, mkono ukamshinda, ikawa ya watu ishirini. Alipanga sahani. Akaondoa mbili, akazirudisha. Kila taarifa ilipofika, nukta yake ilikaa juu ya mstari wake kana kwamba Fabiola alikuwa ameonyeshwa njia: ishirini na tatu nukta nne, ishirini na nne nukta tano, ishirini na tano nukta sita. Hakufurahi, asisingiziwe. Lakini alijikuta anaimba.

Saa kumi jioni alikaa mezani na penseli. Redio ikasoma: ishirini na sita nukta tatu kaskazini, themanini na nane nukta nne magharibi.

Ozite alijua maana yake kabla watangazaji hawajaisema. Asubuhi magharibi ilikuwa themanini na nane nukta tatu. Ndani ya saa sita kimbunga kilikuwa kimepanda kaskazini lakini magharibi hakikusogea zaidi ya unywele. Kimepindisha bega. Kimegeuka.

Penseli ilikaa hewani. Nukta ya kweli ilikuwa upande wa kulia wa mstari wake, peupe, pasipo na njia. Angeweza kuiweka kushoto, juu ya mstari, hakuna mtu chumbani wa kumkosoa. Na hapo ndipo alipoona upumbavu wake wote, maana hata angeiweka juu ya mlango wa nyumba yake, nani angeitazama? Akaiweka mahali pake.

Rosalie alipiga saa kumi na moja. Sauti yake ilikuwa nyepesi, sauti ya mtu aliyetua mzigo. Kimegeuka, Mama, kinakwenda Alabama, Mungu mkubwa, sasa hakuna haja ya kuhangaika barabarani. Ozite akasema ndiyo, Mungu mkubwa. Rosalie akauliza alikuwa anafanya nini.

"Nilikuwa napika."

"Kwa joto hili? Umepika nini?"

"Kidogo tu."

Alikula amesimama, kijiko kimoja kimoja, kutoka kwenye sufuria ya watu ishirini. Sahani alizirudisha kabatini usiku ulipokuwa bado haujaingia, ili asizione asubuhi.

*

Fabiola alipiga nchi kavu Alhamisi mchana, mbali mashariki, na wa Alabama walipata walichopata. Bayu Tiloup haikupata hata tone. Watu wa huku wanajua jambo hilo vizuri na hawalizungumzi mbele ya wageni: kimbunga kikikupita kwa upande wa mashariki, kinafyonza kila wingu na kila pumzi, na wewe uliyeko magharibi yake kinakushushia hewa kavu kutoka juu, yenye moto. Upepo ulitoka kaskazini, kana kwamba mtu amefungua mlango wa oveni. Kipimajoto kilifika mia na sita. Maturubai yalipiga makofi mchana kutwa.

Saa nane mchana transfoma ya barabarani ilipasuka, mlio mmoja mkavu, na kiyoyozi kikanyamaza katikati ya kikohozi.

Ozite alipiga simu ya watu wa umeme. Sauti iliyorekodiwa ya mwanamke mchangamfu ilimwambia kwamba mafundi wote wamepelekwa mashariki kusaidia waliopigwa na kimbunga, wanaomba uvumilivu. Alifungua madirisha, kukaingia moto zaidi, akayafunga. Jioni Clovis akapiga. Kwa mpwa wake kulikuwa na ubaridi wa kuhifadhia samaki, alisema, na soseji asubuhi na jioni, kwa hiyo atarudi Jumatatu. Hapo vipi?

"Hapa shwari," Ozite akasema.

Clovis akamwomba amwangalizie sarafu. Ozite akasema ataiangalia.

Hakumwambia kuhusu umeme, na hapa mtu anaweza kumwita mkaidi, na wamemwita hivyo wengi. Lakini tazama. Kimbunga kina jina. Kina namba, kina ramani ya bure dukani, kina mtu wa redio wa kukisoma kila saa sita. Kikija, mkuu wa wilaya anapita na kipaza sauti, binti anaomba ruhusa kazini, mpwa analeta gari. Joto halina jina. Hakuna anayeliwekea nukta. Ungempigia mtu umwambie nini, jua linawaka? Limewaka kwa kila mtu. Nani amewahi kukimbia jua na sufuria mkononi? Na kiapo kilikuwa palepale ngazini alipokiacha.

Usiku ule hakulala. Ijumaa asubuhi gumbo ilikuwa imeumuka. Aliburuta sufuria hadi barazani akaimwaga bayuni, na samaki wakaja kwa fujo, wakala, wakaondoka. Mchana, kwa kuwa aliahidi, alishuka ngazi kumi na saba, akavuka daraja, akapanda ngazi kumi na nne za Clovis. Aliweka mkono ukutani mara mbili. Ndani kulinuka kofia na mafuta ya boti. Alifungua friza. Kikombe kilikuwa maji matupu, vuguvugu, na sarafu imelala chini kabisa, imegeuza uso.

Alikaa kwenye kiti cha Clovis, karibu na friza iliyo wazi ambayo haikuwa na ubaridi wowote. Kitu kilikuwa hakiko sawa na ilimchukua muda kukijua. Alijipapasa shingo, kwapa, mgongo. Alikuwa mkavu. Joto lote lile, na jasho lilikuwa limekatika. Kwenye banda la kumenyea kamba, zamani, mwanamke mmoja aliacha kutoka jasho siku ya joto kama hii, akawa anacheka na kuongea na dada yake aliyekufa, na hawakufika naye hospitali.

Kurudi kwake, daraja lile la hatua thelathini lilikuwa refu kama misa ya Pasaka. Hakuweza kupanda ngazi. Alikaa ya chini kabisa, kivulini, miguu ndani ya beseni la maji ya bomba, ambayo nayo yalikuwa ya moto. Ramani alikuwa nayo mfukoni mwa aproni, imekunjwa, pamoja na penseli na simu. Hakukumbuka aliichukua lini. Aliikunjua magotini. Kulikuwa na njia ya Fabiola, nukta baada ya nukta, imepinda vizuri kwenda kulia. Na kulikuwa na ule mstari wake mnyoofu, unaokuja nyumbani, usiofuatwa na mtu.

Aliufuta kwa kifutio cha nyuma ya penseli. Alama ilibaki kwenye karatasi, kama mkunjo wa shuka usoni.

Kisha akatafuta Baton Rouge. Hakuwahi kuitafuta kwenye ramani ile, kwa kuwa ramani ile ni ya bahari na bara limechorwa kwa uvivu. Ilikuwa pale. Kutoka hapo hadi hapa ulikuwa mraba mmoja, na kipande. Fabiola alikuwa amekata miraba mingi kiasi hicho kuja, na hakuja. Mraba mmoja.

Aliwasha simu, aliyoizima tangu jana kuokoa chaji. Ilikuwa na mstari mmoja mwekundu. Saa kumi kasoro dakika mbili. Alingoja dakika mbili zipite, kwa mazoea.

Rosalie alipokea kwa sauti ya chini, na nyuma yake watu walikuwa wanazungumza. "Mama, niko kwenye kikao. Kuna nini?"

"Chukua penseli."

"Mama, nitakupigia..."

"Chukua penseli, Rosa. Taarifa ya saa kumi."

Mtu alicheka huko nyuma, kisha mlango ukafungwa na sauti za wale watu zikakatika. "Mama, Ghuba haina kitu. Nimeangalia mchana huu. Haina hata wingu."

"Andika. Ishirini na tisa nukta tatu kaskazini." Ulimi ulikuwa mzito, ukimgonga meno. "Tisini nukta sita magharibi."

Rosalie hakuandika. Hakuhitaji. Watoto wengine wa bayu ile walifundishwa kwanza namba ya simu ya nyumbani; yeye, kabla hajajua kufunga kamba za viatu, baba yake alimsimamisha juu ya meza mbele ya watu ishirini na watatu akamwuliza, nyumba yetu iko wapi, na yeye akajibu kwa sauti, na watu wakapiga makofi. Ishirini na tisa nukta tatu. Tisini nukta sita.

Funguo za gari zikalia upande wa pili.

"Inakwenda wapi?" Rosalie akauliza. Lilikuwa ndilo swali linalofuata. Siku zote ndilo lilikuwa linafuata, na aliliuliza kwa sauti ambayo Ozite hakuisikia tangu binti avunje ungo.

"Haiendi popote. Imesimama tangu jana saa nane."

"Nguvu?"

Ozite alitazama miguu yake ndani ya beseni. Ilionekana mbali, kama ya mtu mwingine.

"Inapungua," akasema.

"Mama. Mama, uko kivulini? Nijibu, uko..."

Na simu ikazima.

*

Alichokifanya kwenye saa mbili zile hakukumbuka chote. Alijimwagia maji ya beseni kichwani kwa kopo. Kuna wakati Anatole alikuwa amekaa ngazi ya juu yake akilalamika kwamba redio haishiki, na alimjibu. Kuna wakati alishika penseli akaweka nukta Baton Rouge, ndogo, nadhifu, na kando yake akaandika saa kumi. Kutoka pale hakuchora kitu. Rula ilikuwa juu, lakini hata ingekuwa mkononi asingechora. Aliandika kilichopita, na alichokijua ni kwamba saa kumi Rosalie alikuwa pale.

Jua lilikuwa bado halijagusa nyasi gari lilipoingia kwenye kokoto kwa kasi ya mtu aliyeiba. Rosalie alishuka na viatu vya kazini, mfuko wa barafu kila mkono, na hakusema hata shikamoo. Alimwekea mama yake barafu shingoni, kwapani, kinenani, kama alivyoelekezwa na daktari kwa simu njia nzima, akamnywesha maji kwa kifuniko cha chupa, akamtazama macho, akambana puani kama mtoto ili ameze. Wa gari la wagonjwa walikuwa wamesema saa tatu au zaidi, wote wako mashariki. Kwa hiyo angempeleka mwenyewe. Alipopata pumzi ndipo alipoanza kufoka, na alifoka vizuri, hasira ya pande zote mbili, kwamba ungekufa hapa, ungekufa ngazini kama paka, ulishindwaje kuniita.

"Nimekuita," Ozite akasema.

Ramani ilikuwa chini, karibu na beseni, imelowa pembe. Rosalie aliiokota. Aliitazama njia ya Fabiola, kisha alama ya mstari uliofutwa, akaufuata kwa kidole toka Cuba hadi nyumbani, na Ozite akaona kwamba ameelewa, na akaona pia kwamba hatauliza. Kidole kikapanda hadi kwenye ile nukta ndogo ya saa kumi. Kikakaa hapo.

"Watoto wako wapi?" Ozite akauliza.

"Kwa jirani. Simama, Mama. Nishike shingo."

"Nyumba sijaifunga."

"Nitaifunga mimi."

"Kikombe," Ozite akasema. "Hatuwezi kuondoka bila kikombe."

Rosalie alitaka kukataa, akaangalia uso wa mama yake, akapanda ngazi mbilimbili. Alisikika juu akifunga madirisha moja baada ya jingine, kisha bomba la maji, kisha mlango wa friza. Hapakuwa na umeme wala barafu iliyobaki, na wote wawili walilijua hilo. Aliposhuka na ufunguo Ozite alimwuliza kama ameweka sarafu.

"Nimeweka."

"Imekaaje?"

Rosalie alimwinua, mkono kiunoni, akamtembeza hadi mlango wa gari ambamo ubaridi ulikuwa unamwagika kwenye kokoto bure. Nyuma yao turubai moja lilipiga makofi mara mbili, likatulia.

"Imezama, Mama," akasema. "Ingia."